Mbio za Magari za Safari, 1953–1974

Mbio za Safari zilianza Mei 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tofauti na magari ya kiti kimoja yanayozunguka njia fupi ya lami, humu yalishindana magari ya kawaida, katika barabara za vumbi na changarawe zisizofungwa kwa wasafiri wengine. Gari lilibeba watu wawili, dereva na msoma ramani, na kila dakika ya kuchelewa kituoni ilihesabiwa kuwa adhabu. Mwaka 1960 jina lilibadilishwa kuwa Safari ya Afrika Mashariki.

Zilipofanyika msimu wa Pasaka, masika yalikuwa mshindani mkuu: udongo uligeuka utelezi, magari yakanasa topeni hadi ekseli. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 kuukuu, iliyokwisha kushiriki mbio za mwaka uliotangulia. Mwaka 1972, mbio zilipoanzia Dar es Salaam, Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka 1973 zikaingizwa katika ubingwa wa dunia. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa Datsun 240Z. Baada ya 1974 zilibaki Kenya peke yake.