Kidato cha Sita, Cambridge na Barua ya Tawi

Mwenye pointi 3 za Kidato cha Sita Tanzania ndiye bingwa. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huhesabu A kuwa pointi 1 na F kuwa 7, hivyo mwenye A katika masomo yote matatu ya tahasusi huambulia 3, divisheni wani ya kutangazwa mtaa mzima. Mtu huyohuyo akiomba chuo kikuu, hesabu hugeuka: A huwa 5, na pointi zake huwa 15. Wazazi wengi wamewahi kuomba wafafanuliwe upya.

Zamani hesabu zote zilikuwa za Cambridge. Enzi za ukoloni, na miaka kadhaa baada ya uhuru, mitihani ilisimamiwa kutoka Uingereza na karatasi za majibu zilivuka bahari kwenda kusahihishwa. Aliyefaulu alitazama zaidi chuo cha Makerere, Uganda, hadi 1961 chuo kilipofunguliwa Dar es Salaam, tena ndani ya jengo la chama cha TANU, kikianza na wanafunzi wachache wa sheria.

Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa 1971, na sheria ya 1973 ikaanzisha NECTA. Kenya ilipata baraza lake 1980, kisha mfumo wa 8-4-4 ukakifuta kabisa Kidato cha Sita.

Ila kizingiti kigumu zaidi kwa waliofaulu hakikuwekwa na watunga maswali. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kufaulu peke yake hakutoshi. Kijana alimaliza shule, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), akafanya kazi miaka isiyopungua miwili, ndipo akaomba chuo akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Lengo lilikuwa kumzuia msomi asijione yuko juu ya wakulima waliomsomesha, na ni lengo la kuheshimika. Lakini mtu aliyepiga msuli usiku kucha na kumaliza mitihani yote ya miaka ya nyuma sasa alipaswa pia kuelewana na katibu wa tawi, kazi isiyo na silabasi.

Walioumia haraka ni wasichana. Katika miaka ile ya kusubiri wengi waliolewa na kuanza kulea, na idadi yao chuoni ikaporomoka. Mwaka 1976 wakaruhusiwa kuomba moja kwa moja baada ya JKT. Makundi mengine yalilegezewa baadaye.

Mabishano ya karibuni yamehusu madaraja. Matokeo ya 2015 yalitoka kwa wastani wa alama (GPA), divisheni zikiwa zimewekwa kando. Mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa NECTA, aliagiza divisheni zirudi, na zikarudi.