Bi Harusi Aliyetoka Makutupora na Nywele Fupi

Leo tuna habari ya nywele, na imeanzia nyumbani kwetu.

Binti wa kaka yetu anaishi Dodoma. Alipomaliza kidato cha sita alipangiwa JKT katika kambi ya Makutupora, kaskazini ya mji, kule kwenye mashamba ya zabibu na visima vya maji ya Dodoma. Alinyolewa kama wenzake. Baada ya miezi mitatu akarudi, na huku Unguja posa imeshajibiwa. Nyumba ikagawika. Bibi alisema wembe umemfaa, nywele zitakuja nzito. Mkubwa mwengine akaona vinyweleo kidevuni kwake, akasema mbele ya watu kuwa hizo ni kazi za wembe na jeshi, mtoto amegeuka dume. Mtoto akalia mpaka usiku.

Wembe ulikwisha kupimwa zamani. Mwaka 1928, mwanamke wa Kimarekani, Mildred Trotter, alichapisha matokeo ya kupima ndevu za wanaume walionyoa. Hazikuzidi unene wala kasi ya kukua. Unywele unaouona nje umeshakufa. Ulio hai ni mzizi, na wembe haufiki huko. Unywele uliokatwa huota na ncha butu, ndiyo maana mkono huona umekuwa mgumu. (Kichanga tunamnyoa siku ya saba kwa kufuata sunna. Habari ya nywele nzito tumeiongeza wenyewe.)

Sasa ni nini kinachoamrisha mzizi? Hapa historia ina doa. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Aristotle aliandika kuwa mwanamme aliyehasiwa kabla ya kubaleghe haoti ndevu wala hapati upara. Watu hao walikuwepo hata kwetu: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886, anawataja matowashi wa majumba ya kifalme ya Unguja. Walikuwa watumwa waliokatwa utotoni bila ya ridhaa yao. Elimu hii, kwa sehemu, imetokana na dhulma waliyofanyiwa watu kama hao, na tukiisoma tusiwasahau.

Neno homoni lenyewe lilitolewa London mwaka 1905 na Ernest Starling, kwa maana ya wajumbe wanaotoka kiungo kimoja na kusafiri kwenye damu hadi kiungo chengine. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton akaonesha kazi ya mjumbe mmoja, testosteroni. Aliwachunguza wanaume ambao miili yao haikuwa nayo ya kutosha. Hawakuwa na upara. Walipopewa, wale ambao koo zao zina upara wakaanza kupoteza nywele. Ajabu yake ni kwamba homoni hiyo hiyo huotesha ndevu kidevuni na kupunguza nywele utosini. Kila mzizi unaisikia kwa namna yake.

Na si binadamu peke yake. Simba dume huanza kuota manyoya ya shingoni anapobaleghe, na akihasiwa humtoka. Serengeti, Peyton West na Craig Packer waliweka masanamu ya simba yenye manyoya ya rangi tafauti kuona wenzao watafanyaje. Majike walimwendea zaidi mwenye manyoya meusi. Matokeo yalitoka mwaka 2002, na wenye manyoya meusi walionekana wana testosteroni nyingi zaidi, ingawa hulipa kwa kuteseka na joto.

Turudi kwa wanawake, maana ndiko aibu inakotupwa. Testosteroni hata sisi tunayo, kidogo. Ikizidi, au mizizi ikiwa mepesi kuisikia, vinyweleo hutokea kidevuni. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliwaeleza wanawake wenye ovari zenye vifuko vingi, wasioona hedhi kwa mpango, na baadhi yao wenye vinyweleo vya usoni. Leo hali hiyo inajulikana kuwa ni ya kawaida sana, na ina matibabu. Si jeshi, si uchawi, si tabia.

Mama wengi wanatuandikia kuhusu kunyonyoka nywele baada ya kujifungua. Ukiwa na mimba, estrojeni huzizuia nywele zilizofika wakati wa kudondoka. Ukishazaa homoni hushuka, na zote hudondoka pamoja, mara nyingi kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Mwaka 1960 daktari Yvonne Lynfield alizihesabu nywele za wajawazito na wazazi akaliona hilo. Kwa wengi hurudi ndani ya mwaka, mafuta ya nazi yawepo yasiwepo. Zikiwa hazijarudi, kapime damu na tezi ya shingoni.

Binti yetu amekwenda hospitali na mama yake, akatolewa damu na kupigwa utrasaundi. Majibu ni yake, hatuyaweki hapa. Nywele za kichwani hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na harusi ni baada ya miezi sita. Msusi ameshazitazama, akasema kwa urefu huo vikuba vya asumini vitashika.