Waliotangulia Kabla ya Msemaji

Wasikilizaji wangu, ukiuliza ni nani aliyeongoza mgomo wa mabasi wa Montgomery, kule Alabama, Marekani, utajibiwa mara moja: Mchungaji Martin Luther King. Jibu hilo si kosa. Mimi nasema halitoshi.

Mjini humo kulikuwa na Baraza la Kisiasa la Wanawake, lililoundwa mwaka 1946. Tarehe 21 Mei 1954 mwenyekiti wake, Bibi Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alimwandikia meya akimkumbusha kwamba robo tatu ya abiria walikuwa watu weusi, na kwamba yalikuwapo mazungumzo ya kuyasusia mabasi. Mambo hayakubadilika.

Rosa Parks alipokamatwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti, akina mama hao hawakungoja kikao cha wakubwa. Usiku ule ule Bibi Robinson, mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili walirudufu matangazo maelfu kwa maelfu chuoni. Jumatatu asubuhi mabasi yakapita karibu matupu. King alichaguliwa kuongoza siku hiyo hiyo, mgomo ukiwa umekwisha anza.

Kwa siku 381 watu walitembea kwa miguu au kupakiana kwenye magari. Wengi walikuwa wapishi na yaya. Georgia Gilmore, mpishi, aliwakusanya wenzake wakauza vyakula na keki, wakachangia mgomo. Na kesi iliyovunja ubaguzi huo mwaka 1956 ilisimama kwa majina ya wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin, aliyekamatwa akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Bibi Parks.

Kwa nini basi hawajulikani? Sababu moja yaeleweka. Chuo cha Bibi Robinson kilikuwa cha serikali ya jimbo, naye akijitokeza angeweza kufukuzwa kazi. Sababu ya pili haina udhuru. Tarehe 28 Agosti 1963, katika maandamano makubwa ya Washington, hakuna mwanamke aliyepangiwa hotuba kuu hata moja.

Kuwapa akina mama haki yao si kumnyang'anya King ya kwake. Lakini tukiwafundisha watoto kwamba ukombozi huletwa na msemaji mmoja hodari, watakaa wakimngoja. Montgomery haikungoja. Ilikuwa na wanawake waliokwisha jua mashine ya kurudufu iko wapi, nani ana gari, na nani atapika.