Haba na Haba: Jinsi Kumbukumbu Ilivyojaa na Kuzima Mfumo wa Ambulensi London, 1992

Leo tuweke kando mambo mapya, tuangalie historia kidogo. Kama umewahi kufanya kazi katika ofisi yenye programu ya hifadhidata, ile ya kuandika risiti, stoo au orodha ya wagonjwa, bila shaka unaijua hali hii. Asubuhi programu ni nyepesi. Kufikia saa tisa alasiri inajikokota. Fundi anaitwa, anazima, anawasha, mambo yanakuwa shwari na kila mtu anarudi kazini. Kesho ni hadithi ile ile.

Dawa hiyo ya kuzima na kuwasha ndiyo nataka tuizungumzie. Usiku mmoja mwaka 1992 huko London, watu waliitegemea na haikusaidia.

Kwanza tuelewe kumbukumbu hujaaje. Programu ikitaka kufanya jambo, huomba nafasi ya RAM kutoka kwa mfumo endeshi. Ikimaliza inapaswa kuirudisha. Ni kama kuazima sufuria za harusi kwa majirani: sherehe ikiisha, kila sufuria hurudi kwa mwenyewe. Programu isiporudisha, nafasi ile haimfai mtu mwingine mpaka programu ifungwe. Hilo ndilo tunaloliita uvujaji wa kumbukumbu. Katika programu za hifadhidata sababu za kawaida ni muunganisho uliofunguliwa ukaachwa wazi, matokeo ya utafutaji yaliyokwisha kusomwa lakini bado yameshikiliwa, na fomu iliyofichwa badala ya kufungwa.

Tatizo hili ni la kale. John McCarthy, alipokuwa akiunda lugha ya Lisp huko MIT mwaka 1959, alibuni njia ya kuifanya lugha yenyewe ikusanye nafasi zisizotumika tena. Lugha ya C, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilimwachia mwandishi wa programu mzigo huo: wewe uliyeazima, wewe urudishe.

Sasa twende London. Idara ya ambulensi ya jiji hilo, London Ambulance Service, ilikuwa ikihudumia wakazi milioni 6.8 hivi na kupokea simu 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Kazi ilifanywa kwa karatasi: mpokeaji simu anaandika fomu, fomu inasafirishwa kwa mkanda hadi kwa anayechagua gari. Tarehe 26 Oktoba 1992 idara ilihamia kwenye mfumo wa tarakilishi. Skrini za wafanyakazi ziliandikwa kwa Visual Basic, lugha iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu, na mashine zao za mezani ziliunganishwa na seva ya mafaili.

Siku mbili za kwanza zilikuwa vurugu. Mfumo haukujua vizuri magari yako wapi, ujumbe wa tahadhari ukarundikana, na wagonjwa wakangoja. Lakini shida hiyo haikuwa ya kumbukumbu. Mchana wa tarehe 27 idara ilirudi nusu njia: simu ziliingizwa kwenye tarakilishi, maelezo yakachapishwa kwa printa, na binadamu akachagua gari. Hali ikatulia kwa wiki moja.

Halafu ikaja tarehe 4 Novemba. Muda mfupi baada ya saa nane usiku mfumo ulianza kwenda polepole, kisha ukaganda kabisa. Wafanyakazi walifanya walivyofundishwa: wakazima mashine zao na kuziwasha upya. Haikusaidia. Simu zilizokuwa ndani ya mfumo hazikuweza kuchapishwa. Palikuwa na seva ya akiba, lakini mpango wa kuhamia kwake ulikuwa umetengenezwa kwa mfumo usiotumia printa, na haukuwahi kujaribiwa kwa hali ile ya nusu njia. Wakarudi kwenye karatasi na sauti. Bahati nzuri ni kwamba usiku huo simu zilikuwa chache.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka Februari 1993, na chanzo chake kinashangaza kwa udogo. Wiki tatu hivi kabla ya hapo, waandishi wa programu walipokuwa wakifanya marekebisho, kipande cha kodi kilisahaulika ndani ya mfumo. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilichukua kumbukumbu kidogo kwenye seva na hakikuirudisha. Haba na haba hujaza kibaba, na baada ya wiki tatu kibaba kikajaa.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kila tukio linapoteza kilobaiti 1, na matukio ni 1,500 kwa siku. Kwa siku 21 hiyo ni kilobaiti 31,500, karibu megabaiti 31. Kwa mashine za 1992 huo ulikuwa utajiri. Lakini ukijaribu programu hiyo kwa kutuma magari 20, umepoteza kilobaiti 20, na hakuna jicho litakaloona. Ndiyo maana ripoti, ingawa ililaumu uzembe na ukosefu wa ukaguzi wa mabadiliko ya kodi, ilikiri pia kwamba majaribio ya kawaida huenda yasingeigundua kasoro hiyo.

Tena angalia walichozima. Walizima mashine za mezani, na kumbukumbu ilikuwa imejaa kwenye seva. Kuwasha upya hurudisha nafasi za mashine ile uliyoiwasha tu, na hata ukipata mashine sahihi, unafuta ushahidi pamoja na ugonjwa.

Basi programu yako ikianza kunenepa, fanya hivi. Kabla hujazima, andika saa na kiasi cha kumbukumbu kinachotumika, kwenye mashine ya mezani na kwenye seva pia. Rudia baada ya kila saa moja. Kisha chagua tendo moja, kwa mfano kufungua na kufunga risiti, na ulirudie mara 1,000 kwa kodi. Kupanda mwanzoni si kosa, kwa sababu programu huhifadhi vitu vya kuharakisha kazi. Ikipanda kwa kiasi kile kile kila raundi bila kutulia, umempata mwizi. Mwisho, uliza: ni nini kilibadilishwa kabla ya tatizo kuanza? Usiulize ya jana tu, rudi nyuma wiki kadhaa.

Leo tuna zana nzuri. Valgrind ipo tangu 2002, na lugha kama Java na C# hukusanya zenyewe nafasi zilizoachwa. Lakini hakuna lugha inayoweza kukusanya kitu ambacho kodi yako bado imekishikilia. Orodha inayoongezwa kila siku bila kupunguzwa itajaza gigabaiti 16 kama ilivyojaza megabaiti, ila itachukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo ofisini kwenu mkiambiwa tena "zima uwashe", sawa, zimeni, wateja wanangoja. Ila mmoja wenu achukue kalamu kwanza.