Kipaji na Zoezi katika Kumuse ya Wabukusu

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kusema kwamba fanani huzaliwa, hafundishwi. Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma, na wale waliohamia Kibomet na viunga vingine vya Kitale, kauli hii huelekezwa hasa kwa oswala kumuse, yaani mtambaji wa hotuba ya matanga. Husemwa kwamba sanaa hiyo hufuata damu ya koo maalumu, na kwamba wahenga ndio wanaomteua mrithi wao. Wenyeji wana haki ya kuamini hivyo. Mhakiki anayeipokea imani hiyo kama maelezo kamili ya sanaa yenyewe ndiye anayestahili kuulizwa maswali.

Kumuse hutendwa baada ya mazishi ya mzee wa heshima. Mtendaji hushika fimbo, akatembea huku na huko katika uwazi ulioachwa katikati ya hadhira, akisema kwa saa kadhaa bila karatasi. Hueleza asili ya kabila tangu Misri ya masimulizi, hutaja koo na mahali zilikopita, huonya vijana, hufariji wafiwa, na pengine huwachoma viongozi waliohudhuria. Ingawa hutokea matangani, si mbolezi kwa maana ya kawaida, kwa kuwa kilio si kiini chake. Iko karibu zaidi na hotuba, na historia ndiyo uti wa mgongo wake. Jina la Manguliechi, aliyevuma kote Bungoma na Trans Nzoia kwa sanaa hii, lilitosha kuwavuta watu kutoka mbali.

Je, maarifa mengi kiasi hicho huingiaje kichwani mwa mtu mmoja? Damu haiwezi kumfundisha mtu orodha ya koo. Anayerithi hurithi kwanza nafasi ya kukaa karibu: huandamana na mzee wake matangani, husikia masimulizi yale yale mara nyingi, hutambua pale mzee alipofupisha kwa sababu jua limekuwa kali au alipogeuza maneno kwa sababu wakwe wapo. Albert Lord, katika kitabu chake cha 1960 kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, aligawa ujifunzaji wao katika hatua tatu: kusikiliza, kujaribu kuimba, na hatimaye kuimba mbele ya hadhira inayojua kuhukumu. Lord aliwakuta waimbaji wakijaribu sauti zao wakiwa peke yao. Kwa oswala kumuse hatua ya pili imefichika zaidi, maana kumuse haitambwi ovyo pasipo kifo. Huenda ufiche huo ndio ulioifanya kazi yake ionekane kama muujiza.

Hata hivyo, Wabukusu wenyewe hawalifichi zoezi mahali pote. Katika tohara, ambayo kwa desturi hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, mvulana hupiga chinyimba, kengele za chuma zinazogongwa kwenye bangili za mikononi, siku baada ya siku huku akizunguka kuwaalika jamaa zake. Mikono huchubuka, sauti hukauka, na kijiji kizima humtazama. Siku ya kisu hupata nafasi katika mojawapo ya marika manane yanayorejea kwa zamu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Jina la rika ni la kurithiwa, lakini hapewi mpaka ayapitie mazoezi hayo hadharani. Hapa utambulisho na zoezi havitenganishwi, na ni ajabu kwamba wahakiki hawakuitumia mantiki hiyo hiyo kumsoma oswala kumuse.

Suala hili lina uzito wa pekee upande wa Kitale. Ardhi ya Trans Nzoia ilitwaliwa na walowezi wa Kizungu enzi za ukoloni, na Wabukusu wengi walikaa humo kama vibarua mashambani kabla ya wao au watoto wao kununua vipande vya ardhi baada ya uhuru wa 1963. Matanga katika eneo kama Kibomet hukusanya watu wa koo nyingi, na majirani wasio Wabukusu. Mtendaji aliyezijua koo za kijiji kimoja tu hawezi kuikidhi hadhira hiyo. Hulazimika kuuliza, kujifunza upya na kupanga upya. Akikosea ukoo wa mtu, wapo wazee wa kumsuta.

Kilichoandikwa kimesaidia kiasi. Gideon Were alichapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967, na Makila historia ya Wabukusu mwaka 1978. Nao waraka wa 1968 wa Ngugi wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo Kikuu cha Nairobi uliiweka fasihi simulizi katikati ya masomo. Lakini mkusanyaji afikaye matangani na kinasasauti huondoka na matini ya asubuhi moja, kisha aghalabu huiita mali ya jamii. Miaka ya kusikiliza iliyomwezesha mtendaji kuyatamka hayo haimo kwenye ukanda. Ingepatikana kwa maswali machache tu: alimfuata nani, kwa muda gani, na ni nini alichokiacha cha mwalimu wake.