Usingizi kwenye barabara ya Tunduma: miaka sitini ya kumlinda dereva

Kahawa na mahindi ya Igamba, wilayani Mbozi, yakitaka kufika soko la mbali hutegemea lami moja: barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikipita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Usiku na mchana hupita hapo malori ya mafuta, mbolea na shaba. Ikitokea ajali, wakazi wa Songwe husikia mwendokasi ukitajwa, au breki, au ukungu. Usingizi hutajwa mara chache, kwa kuwa haunuki kinywani kama pombe, na aliyesinzia hakanyagi breki, hivyo hata alama ya matairi huenda isionekane.

Msafara huu mrefu wa malori ulianza kwa siasa. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupata mafuta. Malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services kuendesha kazi hiyo. Barabara ilikuwa ya udongo: masika matope, kiangazi vumbi. Magazeti ya nje yakaiita Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, mzigo uligawanyika, lakini malori hayakuondoka.

Lami ilipotandazwa ilileta hatari ya aina yake. Kwenye matope dereva alipambana na usukani kila dakika. Kwenye lami iliyonyooka, gari linanguruma sauti ileile kwa saa nyingi na kope zinaanza kuwa nzito. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori huenda mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde tatu tu, limeshapita zaidi ya mita 60 bila mtu wa kuliongoza.

Kinga ya kwanza ilikuwa utingo. Kazi yake haikuishia kuweka jiwe nyuma ya gurudumu; alipiga soga na dereva, akampa maji, akamtazama usoni. Ila utingo naye ni binadamu. Amepakia mzigo, amekesha foleni, na saa tisa usiku wote wawili wanapigana na usingizi uleule.

Kwingineko duniani, barabara yenyewe ilipewa kazi ya kuamsha. Mwaka 1952 huko New Jersey, Marekani, kando ya barabara iliwekwa mikwaruzo inayonguruma gari linapotoka njiani. Ni ndugu wa rasta tunazozijua, ingawa zetu hukatiza barabara ili kupunguza mwendo karibu na makazi.

Ulaya ilichagua kuhesabu saa. Mwaka 1969 jumuiya ya nchi sita iliweka kikomo cha saa za kuendesha, na mwaka uliofuata ikaagiza takografu, chombo kinachorekodi muda na mwendo wa gari. Leo dereva wa huko akiendesha saa nne na nusu, lazima apumzike dakika 45.

Hatua iliyofuata ilikuwa macho. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walipima muda ambao kope zinafunika mboni, na kipimo hicho kikawa msingi wa kamera zinazomtazama dereva. Volvo ilitoa mfumo wa tahadhari mwaka 2007, Mercedes-Benz mwaka 2009. Mifumo hiyo husoma jinsi gari linavyoyumba au usukani unavyoshikwa. Tangu Julai 2024, magari mapya yanayosajiliwa katika Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na onyo la uchovu.

Tanzania nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1990 mabasi yalizuiwa kusafiri usiku. Baadaye ukaja mfumo wa kufuatilia magari, VTS, ulioanza enzi za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, na kurithiwa na LATRA, kisha kitufe cha i-Button kinachoonyesha ni dereva gani ameshika usukani. Safari inayozidi saa nane inatakiwa kuwa na madereva wawili. Kwa ulinzi huo, mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku kuanzia 1 Oktoba 2023.

Dereva wa lori anastahili ulinzi huohuo. Mzigo wake wa kwenda nje hufungwa lakiri ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, TRA, ijulikane uko wapi hadi mpakani. Lakiri hiyo haimjui dereva aliyekesha kwenye foleni ya Mpemba, karibu na Tunduma. Na kukesha si jambo dogo: mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walionyesha katika jarida la Nature kwamba baada ya kukaa macho saa 17, mtu hutenda kama mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu.

Kamera itamshtua dereva, naye ataendelea kuendesha akiwa na uchovu uleule, kwa sababu tajiri anangoja mzigo. Ndiyo maana kwa barabara yetu, kifaa cha kuhesabu saa kinapaswa kutangulia kamera. Dereva wa lori atambuliwe kwa kitufe kama mwenzake wa basi, saa zake zihesabiwe tangu bandarini, apate maegesho salama ya kulala njiani, na mmiliki anayemlazimisha kuunganisha usiku na mchana awajibishwe kabla ajali haijatokea.