Daktari wa Pili: Kutoka Madina Mpaka Kwetu Kigali



Ndugu zangu, na nyinyi vijana wetu wa madrasa, naanza na jambo la nyumbani kwetu. Shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, alilazwa hospitali akaambiwa kidole cha mguu kikatwe. Tulisimama nje ya wodi, ndugu na mashemeji, tunatazamana. Sote tulitaka daktari mwingine autazame ule mguu, na hakuna aliyethubutu kusema. Tuliona ni utovu wa adabu, tena tukaogopa kwamba daktari akichukia, atakayeumia ni shangazi.

Nikajiuliza adabu hii tumeitoa wapi, maana katika historia yetu Waislamu sikuiona.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja alijeruhiwa, damu ikavilia kwenye jeraha. Wakaitwa watu wawili wa Banu Anmar, wakamtazama. Mtume (s.a.w.) akawauliza ni yupi kati yao ajuaye zaidi utabibu. Riwaya haitaji kwamba mmoja wao alikasirika. Walichouliza ni kama katika utabibu mna kheri, wakajibiwa kuwa aliyeteremsha ugonjwa ndiye aliyeteremsha dawa. Ibn al-Qayyim akatoa humo funzo kwamba katika kila fani atafutwe aliye hodari zaidi. Na huwezi kumjua aliye hodari zaidi ikiwa umekatazwa kuuliza.

Sasa twende Baghdad, mwaka 319 Hijria, yaani 931. Habari zilimfikia Khalifa al-Muqtadir kwamba mtu amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu. Waliotahiniwa walizidi 860, mbali na wale mashuhuri ambao hawakuhitaji mtihani.

Kuna kisa kimoja humo ambacho wanafunzi wangu hukipenda. Aliingia mzee mmoja, kavaa vizuri, ana haiba. Sinan akamheshimu, akamwomba amfaidishe kwa elimu yake. Mzee akatoa kikaratasi chenye dinari ndani, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, na kwamba ana familia inayokula kwa kazi hiyo. Sinan akacheka. Akamruhusu aendelee, kwa sharti asimvamie mgonjwa kwa asilolijua, wala asiagize kutoa damu au dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Wanafunzi hucheka kama alivyocheka Sinan. Mimi humfikiria mgonjwa wa yule mzee. Ameona kanzu safi na ndevu nyeupe, hajui lolote kuhusu kile kikaratasi. Kinga yake ilikuwa moja tu, kumwita mwingine atazame.

Lakini mtihani wa Baghdad ulimbana tabibu, haukumpa mgonjwa sauti. Hilo lilichelewa sana. Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Azimio la Lisbon kuhusu haki za mgonjwa mwaka 1981, na haki ya kuomba rai ya daktari mwingine wakati wowote iliingizwa mwaka 1995, kikao cha Bali. Jirani zetu Uganda waliiandika katika Mkataba wa Wagonjwa wa mwaka 2009, na Kenya katika mkataba wao wa mwaka 2013.

Tusidhani hata hivyo kwamba wenzetu wa nchi tajiri walimaliza. London, mwaka 2021, binti wa miaka 13, Martha Mills, alifariki hospitalini. Wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao na hawakusikilizwa, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alisema yaelekea angepona kama angepelekwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi. Wazazi wakapigania jambo hilo, na kuanzia mwaka 2024 hospitali za Uingereza zikaanza kuweka utaratibu unaoitwa kwa jina la Martha, wa familia kuomba timu nyingine imtazame mgonjwa haraka.

Kwetu hapa tatizo lina sura nyingine. Sisi wa Kiyovu tumezoea kuwaona wagonjwa wa rufaa wakipanda kwenda CHUK, iliyojengwa mwaka 1918, wengine wametoka wilaya za mbali. Mituweli, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999, imewafungulia maskini wengi mlango wa matibabu, Alhamdulillah. Ila inakwenda kwa ngazi: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha rufaa, na kila ngazi inataka karatasi ya uhamisho. Ukimtafuta daktari wa pili kwa miguu yako mwenyewe bila karatasi ile, unalipa kutoka mfukoni. Na anayeiandika ni yule yule unayeogopa kumuudhi.

Basi siku ile mimi, kwa kuwa ndiye ninayeitwa mwalimu, nikasukumwa mbele. Nikamwambia, "Daktari, tunakuheshimu, lakini tunaomba mwenzako naye autazame mguu huu." Akaniangalia kidogo, akasema ni haki yetu, akaandika karatasi na kutupa nakala ya vipimo.

Daktari wa pili alisema lile lile. Shangazi akauliza kama ni kidole kimoja tu, akaambiwa ndiyo, akaomba kalamu, akatia saini mwenyewe.